Pryor Hakujua Kiswahili

Mwaka 1979 Richard Pryor alikuja Kenya. Kama jina hilo halikupi picha, huyu ni mchekeshaji mweusi wa Marekani ambaye wachekeshaji wengi unaowacheka sai wamemwibia kitu, wakijua au bila kujua. Umaarufu wake aliujenga juu ya lile neno la N. Na si ati lilimponyoka mara mojamoja. Lilikuwa kwenye majalada ya albamu zake. Ile ya 1974 ilikuwa nalo katika jina na ikamletea Grammy. Ile ya 1976, mwaka Marekani ilipokuwa ikisherehekea miaka 200 ya uhuru wake, ilikuwa nalo pia, na Grammy ikaja tena.

Sasa msee ako Kenya, ameketi kwenye lobi ya hoteli. Yaliyofuata aliyasimulia mwenyewe jukwaani, kwenye filamu yake ya Live on the Sunset Strip ya mwaka 1982. Sauti ndani yake ilimuuliza: unaona nini? Akatazama, akaona watu wa kila rangi wakifanya kila kitu. Sauti ikamuuliza tena: na unaona N yeyote hapa? Hapana. Basi akagundua kwamba muda wote aliokaa huku neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake, wala halijamjia akilini. Akaamua kuachana nalo. Kumbuka chakula chake kilitoka kwenye neno hilo, kwa hivyo huu haukuwa uamuzi mdogo.

Hii story tunaipenda sana hapa. Inatufanya tujisikie poa, kwamba mtu alitoka mbali na kidonda chake akakipona kwetu, kwenye lobi, bila hata kulipa konsalteshoni. Mimi pia naipenda. Lakini kila nikiisikia kuna kitu kinanikwaruza. Pryor aliangalia. Sina hakika alisikiliza, na hata angesikiliza isingemsaidia, kwa sababu hakujua Kiswahili.

Angekijua, huenda angesikia mtu akiitwa mshenzi kwa sababu tu ametoka bara. Huenda angesikia baba wa watu, mzee mwenye wajukuu, akiitwa boi, neno ambalo walowezi walituachia likakaa kwenye kamusi kama jina la kazi ya nyumbani. Angeshuka hadi Mombasa angesikia Mnyika. Angepanda hadi Narok na Nakuru angesikia Ndorobo. Na kama angemuuliza mzee yeyote wa Nyeri alipigana na jeshi gani miaka ya hamsini, mzee angetazama kushoto na kulia kwanza, kwa sababu mwaka huo wa 1979 chama cha Mau Mau kilikuwa bado kimepigwa marufuku na sheria ya Kenya huru. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ametoka kizuizini Desemba iliyotangulia tu.

Hatukukosa matusi. Tulikuwa nayo kwa lugha nyingine.

Nalileta hili kwa sababu ya mjadala ambao umenichosha, ule wa kama sisi vijana wa Nairobi tunaweza kuitana kwa neno la N. Panda mathree yoyote ya Umoja jioni, utalisikia mara kumi kabla ya Donholm. Hoja ya wengi ni fupi: sisi ni weusi, neno ni la weusi, kwa hivyo ni letu. Hoja ya upande wa pili pia ni fupi: babu yako hakupandishwa meli ya Atlantiki, kwa hivyo tulia.

Zote mbili zinaruka kitu. Mwaka 1999, polisi wa New York walimfyatulia Amadou Diallo risasi 41 mlangoni kwake. Alikuwa mtoto wa Guinea. Hakuna aliyemuuliza babu yake alipanda meli gani. Kwa hivyo yule binamu yako aliyehamia Minneapolis yuko ndani ya neno hilo apende asipende. Litamfikia siku moja kwenye maegesho ya magari, bila kuuliza pasipoti. Lakini wewe wa Umoja, unayelitumia kumsalimia beste yako, hilo neno halijawahi kukufanya ulale njaa. Limekufikia kupitia spika. Nguo ya mtu inaweza kukutosha vizuri sana na bado isiwe yako.

Hata wenyewe hawajaelewana. Julai 2007, NAACP waliandaa mazishi ya neno hilo huko Detroit, na jeneza kabisa, na watu wakaandamana kulisindikiza. Neno halikukaa kaburini hata wiki. Mwaka 2018, Kendrick Lamar alimwita shabiki mzungu jukwaani huko Alabama aimbe naye, na dada wa watu alipoimba maneno yote yalivyoandikwa, pamoja na hilo, wimbo ukasimamishwa. Wengine waliona ni unafiki. Mimi naona ndiyo sheria yenyewe ilivyo: neno ni lile lile, lakini anayelitamka anakuja na historia yake mgongoni, na hawezi kuiacha nyuma ya jukwaa.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wao walishachukua tusi letu kabla hatujachukua lao. Desemba 1964, Malcolm X alisimama Harlem akawaambia watu kwamba wanahitaji Mau Mau huko Mississippi, Alabama, Georgia, na hapo hapo Harlem. Miezi michache kabla alikuwa amepita Nairobi. Kwake jina hilo lilikuwa heshima. Kwetu mwaka huo lilikuwa jina ambalo serikali mpya ilitaka lisahaulike haraka.

Kwa sababu Mau Mau si jina ambalo wapiganaji walijipa. Maelezo ya lilikotoka ni mengi na kila mzee ana lake, lakini wenyewe walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Jina la Mau Mau lilipendwa na walowezi na magazeti yao kwa sababu halikuwa na maana. Jeshi la ardhi linakulazimisha uulize ardhi gani, imechukuliwa na nani. Mau Mau inasikika kama ugonjwa, au uchawi. Serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku chama hicho Agosti 1950, ikatangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia hapo mtu akiitwa Mau Mau ilikuwa ni kesi tosha. Waliitwa hivyo kambini na mahakamani, na wakaitwa hivyo kwenye njia ya kwenda kunyongwa.

Halafu jina likaanza kubadilika mikononi mwao. J.M. Kariuki alipochapisha kumbukumbu zake za kizuizini mwaka 1963, jina lilikuwa kwenye jalada. Marufuku ilipoondolewa na serikali ya Kibaki mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru, wazee walienda kusajili chama chao, na jina waliloandika kwenye fomu lilikuwa lile la tusi. Wangeweza kuandika Ardhi na Uhuru. Ndilo lililokuwa jina lao halisi. Lakini hakuna mtu aliyenyongwa kwa kuitwa Ardhi na Uhuru. Tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa walalamishi 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, kila mmoja wao alikuwa amepaswa kueleza alichofanyiwa chini ya jina hilo. Tusi liligeuka kuwa stakabadhi.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na vijana wa Dandora. Kalamashaka na wenzao waliuita mtandao wao Mau Mau wakati jina lilikuwa bado haramu kisheria, na baadaye wakaungana na wa Mombasa kuwa Ukoo Flani Mau Mau. Je, walikuwa na haki? Hawakuwahi kufungwa Manyani. Lakini walikuwa wajukuu, kwenye mtaa ulioota pembeni mwa jaa la taka la jiji, wakiimba kuhusu ardhi ambayo haikurudi. Sikumbuki kusikia mzee yeyote akilalamika. Naona hapo jibu langu linaanza kujionyesha, ila si jibu safi, kwa sababu jina linaloweza kurithiwa linaweza pia kuibwa, na tumewaona wanasiasa wakilivaa siku za sikukuu na kulivua kesho yake.

Sasa kuna upande mwingine wa hadithi, wa watu waliolikataa tusi kabisa, na huu uko nyumbani kwangu.

Mama yangu ni Mrabai. Krapf alipojenga misheni Rabai mwaka 1846, alikuta watu wa mjini Mombasa wanawaita majirani wao wa nyuma ya pwani Wanyika, watu wa porini. Yeye akaliandika kama alivyolisikia. Mwenzake Rebmann akaliandika pia, na kamusi waliyoikusanya ikachapishwa London mwaka 1887 ikiitwa kamusi ya Kinika. Hivyo ndivyo tusi linavyopata suti na tai: linaingia kwenye kamusi, halafu kwenye ramani, halafu kwenye rekodi za serikali, na baada ya hapo ukilikataa unaonekana wewe ndiye mjinga usiyejua jina lako. Na tuseme ukweli, hili hatukulipata kwa mzungu. Tulilipata kwa Kiswahili, lugha hii hii ninayoiandika, lugha ambayo mtu mstaarabu ndani yake ni mtu aliyefanana na Mwarabu.

Miaka ya 1940, wazee wakiwemo waliokuwa wakifanya kazi Mombasa wakaanzisha umoja wao na wakachagua jina jipya: Mijikenda. Miji tisa. Hebu litazame hilo jina polepole. Nyika ni mahali pasipo na mji. Waliambiwa ninyi ni watu wa mahali pasipo mji, nao wakajibu, tuna tisa. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakambe, Wakauma, Waribe, Warabai, Wajibana, kila mmoja na kaya yake. Sijui jibu zuri zaidi ya hilo katika siasa za nchi hii. Misitu ya makaya iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na kwa jina la Mijikenda.

Basi mambo yangeishia hapo, kama si binamu zangu. Miaka michache iliyopita mmoja wao alifungua kikundi cha WhatsApp cha familia akakiita Wanyika Original. Akachapisha na fulana. Vijana tukacheka, tukaagiza saizi. Mama mkubwa akaondoka kwenye kikundi siku hiyo hiyo bila kusema neno.

Nilimpigia. Baada ya shikamoo na habari za kila mtu mpaka kuku, nikamuuliza. Mama mkubwa aliuza nazi na mihogo Kongowea miaka mingi, na wateja waliotaka bei ishuke walikuwa na namna yao ya kumwita. Akaniambia, "Mwanangu, nyinyi hilo jina mmelikuta limeshapoa. Mimi lilinipata likiwa moto."

Nilimpelekea binamu maneno hayo. Naye si mpumbavu. Akasema, "Ndiyo maana sisi tunaweza kulishika. Yeye alilishika likamuunguza. Tukiliacha hapo chini, kuna mtu ataliwasha tena." Nimeyafikiria maneno yake mara nyingi na sijapata kosa ndani yake. Neno linaloogopwa linabaki na nguvu. Wale wateja wa Kongowea walikuwa na silaha kwa sababu aliyekuwa akipigwa alikuwa anaumia.

Lakini kuna kitu binamu hakukihesabu. Yeye anapojiita Mnyika anacheka na sisi, watu wa Nairobi wenye digrii na Wi-Fi, ambao hakuna mtu ametuangalia machoni akatuita hivyo akimaanisha. Mama mkubwa ndiye aliyelilipia. Mimi msimamo wangu ni huu: aliyepigwa na neno anaweza kuliokota, ndiyo, na wajukuu wake wanaweza pia, lakini akiwa bado yuko chumbani na jina linamchoma, yeye ndiye mwenye kura ya turufu. Si serikali, si maprofesa, si mimi. Binamu hakukubali. Sasa kuna vikundi viwili, na matangazo ya mazishi yanatumwa kotekote.

Msimamo wangu huo ulinitosha mpaka nilipoanza kusoma habari za Waogiek, na hapo ukaanza kuvuja.

Kwanza tuondoe mkanganyiko ambao nimeuona hata kwa watu wazima: msitu wa Mau hauhusiani na Mau Mau. Wapiganaji walikuwa Nyandarua na Mlima Kenya. Msitu wa Mau ni wa Bonde la Ufa, na ndani yake wameishi Waogiek kwa asali na uwindaji tangu kabla ya mtu yeyote kuandika lolote. Wamaasai waliwaita Il-Torobo, jina la watu wasio na ng'ombe, yaani maskini, kwa sababu kwa Mmaasai wa enzi hizo kutokuwa na ng'ombe na kuwa maskini ni kitu kimoja. Kiswahili kikalichukua likawa Ndorobo. Fungua kamusi uone ndorobo ni nini kingine: mbung'o, yule nzi anayeua ng'ombe. Sitajidai kujua lipi lilimzaa lipi. Ila kumwita mtu kwa neno ambalo pia ni jina la nzi si jambo dogo.

Wakoloni wakaandika Dorobo. Na kwao jina lilifanya kazi ambayo Mnyika halikuwahi kuifanya: lilichukua ardhi. Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Carter iliyokaa kuanzia 1932 na kutoa ripoti 1934, ilipofika kwa Wadorobo ilipendekeza wahamishiwe kwenye hifadhi za makabila waliyokaribiana nayo. Hawakutengewa ardhi yao. Mantiki yake ilikuwa ndani ya jina. Kama wewe ni Mmaasai aliyekosa ng'ombe, basi wewe si kabila, ni hali. Na hali haina ardhi. Juu kule Laikipia, Wayaaku wa Mukogodo, ambao nao waliitwa hivyo hivyo, waliishia kuwa Wamaasai ndani ya kizazi kimoja hivi. Walipata ng'ombe, wakaacha mapango na mizinga, wakaanza kuongea Kimaa, na leo lugha yao ya Kiyaaku imebaki kwa wazee wa kuhesabu. Hao walilikimbia tusi kwa kuingia ndani ya nyumba ya aliyewatukana.

Waogiek hawakuingia. Walishikilia jina lao, na kesi yao ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Pale serikali ya Kenya ilibisha kwamba Waogiek si jamii ya peke yake, ni mchanganyiko wa watu wa makabila mbalimbali. Sikiliza hiyo hoja, halafu isome tena ripoti ya 1934. Wimbo ni ule ule, umebadilishwa biti. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliikataa, ikasema Waogiek ni watu wa asili wenye haki katika ardhi ya Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru fidia ya shilingi 157,850,000 na warudishiwe ardhi yao kwa hati ya pamoja. Novemba 2023, huko Sasimwani, nyumba zao zilikuwa zinabomolewa tena.

Na hapa ndipo msimamo wangu unapovuja. Mtu akitaka kuthibitisha kwamba watu wake walikuwa msituni kabla ya serikali, anahitaji karatasi. Mahakama inapenda karatasi. Lakini karatasi za kikoloni kwa sehemu kubwa hazina Ogiek. Zina Dorobo. Dorobo wameonekana mahali fulani, Dorobo wameamriwa watoke mahali fulani, Dorobo wamerudi tena. Kila amri ya kuwafukuza ni ushahidi kwamba walikuwepo, na kila ushahidi una tusi kwenye mstari wa kwanza. Mjukuu wa Kiogiek hana anasa ya kuchagua kati ya mama mkubwa na binamu yangu. Hawezi kulizika neno kama Detroit, kwa sababu babu yake yumo ndani ya jeneza hilo, na hati ya shamba pia. Na hawezi kulivaa kwenye fulana, kwa sababu jina hilo kwake bado halijapoa hata kidogo.

Kwa hivyo ukiniuliza kuhusu lile la mathree, jibu ninalo: liache, si lako, una yako ya kutosha hapa nyumbani. La Mnyika nitaendelea kulibishania na binamu. La Ndorobo sitalitamka kumwita mtu, na sitamfundisha Mogiek yeyote namna ya kulishika.

Nyaraka za Taifa ziko pale Moi Avenue, mkabala na Hilton ya zamani. Nenda siku moja. Ukimtafuta Mogiek wa miaka ya ishirini au thelathini kwa jina lake mwenyewe, utakaa sana. Mwambie karani akutafutie Dorobo.